Mwenza mwenye dimensia anapohamaki nyumbani: maswali yanayoulizwa na wake na waume

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoishi chumba kimoja na mgonjwa wa dimensia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na kubadili tabia: mke anayemuuguza mumewe, mume anayemuuguza mkewe. Maelezo mengi ya dimensia huandikwa kwa ajili ya watoto wanaotunza wazazi wao, na mwenza anaachwa na yake. Yeye ndiye anayetukanwa na mtu aliyemposa, anayeitwa mwizi na mama wa watoto wake, na usiku ukiingia hana pengine pa kwenda. Kazi yangu ni kuuguza wazee majumbani. Msimamo wangu ni huu: mgonjwa anayefoka, anayesukuma au asiyetulia ana kitu kinachomsumbua, na kitu hicho kitafutwe kwanza, kabla ya kutafuta dawa ya kumlegeza.

Mume wangu alikuwa mpole miaka yote. Ukali huu umetoka wapi?

Umetoka kwenye ugonjwa. Dimensia haili kumbukumbu peke yake. Inaharibu pia sehemu za ubongo zinazomsaidia mtu kujizuia, kusubiri zamu yake, kupima neno kabla halijamtoka. Inaharibu hata namna anavyoelewa anachokiona. Mkono wako unaomfungua vifungo vya shati, yeye anaweza kuuona ni mkono wa mtu anayempora, na mtu anayeporwa hupigana.

Ugonjwa wa Alzheimer ndio aina iliyo ya kawaida zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote wa dimensia. Mgonjwa wa kwanza aliyeelezwa na daktari Alois Alzheimer alikuwa mwanamke wa miaka 51, aliyelazwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901. Moja ya dalili zake za mwanzo kabisa ilikuwa wivu mkali dhidi ya mumewe. Kwa hiyo unayoyapitia yameandikwa tangu siku ya kwanza ya historia ya ugonjwa huu. Hakuna ulichomkosea.

Amebadilika ndani ya siku mbili. Juzi alikuwa na nafuu, leo anapiga kelele na kuona watu wasiokuwepo. Dimensia imepanda ngazi?

Hapana, na tafadhali usisubiri kesho. Dimensia ya kawaida huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya ghafla, ya saa chache au siku chache, mara nyingi ni ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Malaria, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), nimonia, kupungukiwa maji, sukari kupanda au kushuka, choo kilichoziba siku tano, mkojo uliozuiwa na tezi dume, kuanguka na kugonga kichwa, dawa mpya iliyoanzishwa wiki hii: kila kimoja kati ya hivi kinaweza kumvuruga akili mzee kwa kiwango cha kutisha, na vingi vinatibika.

Usitegemee homa. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makubwa na kipimajoto kisionyeshe kitu. Na si kila anayevurugika hupiga kelele. Mwingine husinzia mchana kutwa, hataki kula, haamki vizuri. Huyo naye apelekwe siku hiyo hiyo. Ukifika, mwambie mhudumu kwa maneno haya: "Ana dimensia, lakini hali hii si yake ya kawaida, imeanza juzi." Usipoitaja hiyo "juzi", kuna hatari ya kuambiwa "ni uzee tu, mama" na kurudishwa nyumbani.

Kwa Waislamu, Ramadhani ina changamoto yake. Mzee amezoea kufunga maisha yake yote na anaona haya kula mchana. Dini imemwondolea mgonjwa uzito huo. Mwombe imamu wa msikiti wake aje amwambie mwenyewe, maana kauli ya imamu inaweza kupokelewa kuliko yako, kisha mpe maji kidogo kidogo siku nzima.

Hawezi kusema panapouma. Nitajuaje ana maumivu?

Mwangalie akiinuka, akigeuzwa kitandani na akitafuna. Uso unaokunjamana, mkono unaolinda sehemu moja, kuguna, kukataa kukaa, kumpiga anayemgusa bega: hayo ndiyo maneno yake. Fungua mdomo utazame meno na fizi. Tazama kucha za miguu, visigino, makalio kama kuna kidonda, masikio kama kuna nta. Uliza goti lilelile lililomsumbua miaka kumi iliyopita, maana ugonjwa wa kusahau haukuliponya.

Utafiti uliofanyika kwenye nyumba za wazee nchini Norway na kuchapishwa 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa wa dimensia waliotibiwa maumivu kwa utaratibu, wengi wao kwa parasetamoli tu, walipungukiwa na mahangaiko na ukali. Parasetamoli, ile Panadol ya kawaida, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtajie mfamasia uzito wake na umweleze kama ana shida ya ini, akupe kipimo. Diklofenaki, ambayo watu wanaimeza kama karanga, inaweza kumdhuru mzee tumbo, figo na presha. Usimpe kwa mazoea.

Anafoka sasa hivi, amesimama mlangoni. Nifanye nini?

Shusha sauti yako kwanza, kabla ya kuchagua maneno. Yeye anasikia sauti na kusoma uso zaidi ya anavyoelewa sentensi. Simama ubavuni mwake, hatua mbili hivi, mikono yako ikionekana. Usimzibe njia na usimshike viwiko, aliyebanwa atasukuma. Zima redio na televisheni. Watoto na wajukuu watoke nje, na anayebaki kuongea awe mmoja tu. Ndugu watatu wakimtuliza kwa pamoja, kwake hilo ni genge.

Mwite jina analolijua leo. Mtu aliyeitwa Baba Asha kwa miaka arobaini anaweza asiitike tena, kwa kuwa akilini mwake amerudi wakati Asha hajazaliwa. Jaribu jina lake la utotoni, au la kazi: Mwalimu, Fundi, Nahodha, Sista. Nimeona mzee akiwa ameinua fimbo, akaishusha taratibu kwa sababu mkewe alimwita kwa lile jina ambalo mama yake alikuwa akimwitia.

Halafu ikubali hisia yake, si lazima ukubali habari yake. "Umekasirika. Pole. Niko hapa." Neno pole lina kazi kubwa, na halihitaji ushahidi wa nani ana haki. Usiulize "kwa nini unafanya hivi?" Hajui, na swali lenyewe linamwaibisha. Usimkumbushe: "Si nilishakwambia?" Usibishane kuhusu tarehe, pesa wala nani alikufa.

Akianza kushuka, ipe mikono yake kazi: kanga za kukunja, choroko za kuchambua kwenye ungo, kikombe cha chai ya vuguvugu (isiwe ya moto, inaweza kurushwa). Akizidi kupanda, ondoka. Toka nje, vuta pumzi, rudi baada ya dakika kumi kwa uso mwingine na salamu mpya, kana kwamba ndiyo kwanza unafika. Mara nyingi atakupokea vizuri, kwa kuwa ugomvi umeshamtoka kichwani ingawa wewe bado mikono inakutetemeka.

Baadaye, mambo yakitulia, chukua daftari uandike mistari mitatu: nini kilitokea kabla, alifanya nini, nini kilifuata. Ongeza saa, nani alikuwepo, alikula lini, alipata choo lini. Ukiendelea hivyo wiki mbili utaanza kuona mpangilio: kila akitembelewa na watu wengi, kila anapokosa usingizi wa usiku uliopita, kila siku ya kuoga.

Kuoga kumekuwa vita. Ananipiga kila nikimvua nguo.

Jiweke mahali pake. Mtu usiye na uhakika naye anakutoa kitandani, anakuvua nguo, anakuingiza kwenye chumba cha baridi chenye sakafu inayong'aa kama ina maji marefu, kisha anakumwagia kopo la maji kichwani bila kukuambia. Ungepigana na wewe.

Kila kitu kiwe tayari kabla hujamwita: maji ya vuguvugu kwenye ndoo, sabuni, taulo, nguo safi zimepangwa kwa mfuatano wa kuvaa, na kiti cha plastiki kizito kidogo kilichotandikwa taulo. Chagua saa yake nzuri. Wengi huwa na nafuu saa nne asubuhi kuliko alfajiri au jioni. Usiseme "twende ukaoge". Sema "njoo uloweke miguu". Akikaa, mtandaze kanga au kikoi mabegani na mapajani, abaki amefunikwa muda wote, nawe uoshe chini ya nguo hiyo. Anza na miguu, panda polepole, kila hatua ukiitaja: "Sasa naosha goti." Mpe kopo la pili alishike na kumimina mwenyewe. Anayemimina mwenyewe hashtuki. Kichwa kiwe cha mwisho, kwa kitambaa kilicholowa, au kiachwe siku nyingine kabisa.

Kwa mzee wa Kiislamu, kutawadha kunaweza kufungua mlango uliofungwa. Mwili wake umefanya hivyo mara tano kwa siku tangu utotoni. Akianza na viganja, mdomo, uso na mikono, mara nyingi sehemu iliyobaki inafuata bila ubishi.

Wala si lazima aoge kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na siku nyingine mpanguse uso, makwapa na sehemu za siri. Najua kwetu pwani hilo linaonekana aibu, na jirani atasema. Aseme.

Waume huniuliza jambo moja la ziada: mke anakataa kabisa kuogeshwa na mumewe, anamwona mwanamume mgeni. Usimlazimishe hata kidogo. Tafuta dada yake au binti, au mlipe mama wa jirani mwenye mkono wa taratibu. Kama nyumbani mpo na mkwe wa kiume tu, suala hilo lisiguswe naye. Aibu anayoipata mama huyo haifutwi na ugonjwa.

Ikifika magharibi anaanza: "Twende nyumbani." Tupo nyumbani!

Kwenye ukanda wetu, karibu na ikweta, giza huingia kwa kasi. Ndani ya nusu saa hivi chumba kilichokuwa na nuru kinajaa vivuli. Wakati huohuo watoto wanarudi, sufuria zinagongana, adhana inalia, mbu wanaanza, na mgonjwa ameshachoka na shughuli za kutwa. Wengi huvurugika zaidi saa hizo, na madaktari wa nchi zote wanaifahamu hali hiyo.

Kwa hiyo jioni yenu ianze mapema. Saa kumi mtembeze kidogo, hata kuzunguka nyumba. Chakula kiwe mezani saa kumi na mbili kasorobo. Taa ziwashwe saa kumi na moja na nusu, kabla giza halijaonekana, na mapazia yafungwe. Umeme hukatika, kwa hiyo taa ya sola iwe na chaji. Koroboi na mshumaa huyumbisha vivuli ukutani, na kivuli kinachoyumba anaweza kukiona ni mtu. Wageni waje mchana.

Ama hilo neno "nyumbani", mara nyingi analolitaja si nyumba mliyojenga pamoja. Ni kwao, alikokulia, au ni mahali tu ambapo anajisikia salama. Ukimjibu "hapa ndipo nyumbani", umemwambia kwamba hutompeleka. Muulize badala yake: "Huko nyumbani kuna nani? Mlikuwa na miembe?" Mwache asimulie. Akiwa tayari ameshika mlango, toka naye, tembeeni mpaka kwenye kona, zungumzeni, kisha geukeni pamoja. Mlango uleule akiuingia kutoka nje unaweza kumpokea vizuri.

Na kama anamsubiri mama yake aliyefariki zamani, usimtangazie kifo. Kila ukimwambia, kwake ni msiba mpya, na atalia kilio cha siku ya kwanza. Mwulize mama alikuwa akipika nini. Watu wananiuliza kama huku si kusema uongo. Sioni uongo katika kutojibu swali. Naona ukatili katika kumfiwisha mtu mmoja mama yuleyule kila jioni.

Anasema nina hawara. Mwingine anasema nimemwibia pesa zake.

Tuhuma za namna hii huzaliwa na kusahau. Ameficha pochi chini ya godoro, amesahau kuwa aliificha, pochi haipo, na mtu pekee aliye ndani ni wewe. Akili inaziba pengo kwa hadithi inayoeleweka. Wivu nao ni hivyohivyo: ulitoka kwenda sokoni, hakumbuki ulimuaga, umerudi baada ya muda ambao kwake ni mrefu mno.

Kujitetea kunamthibitishia kuwa una la kujitetea. Sema: "Pesa kupotea inaumiza. Tutafute wote." Jua maficho yake (mto, kiatu, ndani ya Biblia au msahafu, debe la mchele) na mwache azipate yeye mwenyewe. Weka noti ndogo kwenye pochi ili asikute patupu. Kwa wivu, mguse bega kama anakubali, kaa naye, usitoe orodha ya ulikopita. Na wambie watoto wakubwa na majirani wawili mnaoaminiana mapema, kwa utulivu, kabla hawajalisikia kutoka kwake.

Inauma. Kuitwa malaya na mtu uliyemtunzia nyumba miaka thelathini kunauma hata kama unajua ni ugonjwa, na hupaswi kujifanya hakuumi.

Hanitambui usiku. Ananifukuza chumbani.

Toka bila ugomvi, washa taa ya barazani au sebuleni, ongea ukiwa nje ya mlango ili aisikie sauti kabla ya sura. Kama chumbani kuna kioo kikubwa, kifunike kwa kanga. Huenda anamwona humo mzee asiyemjua na kudhani kavamiwa. Ikijirudia mara kwa mara, lala kitanda kingine, au chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Kuhama kitanda si kuvunja ndoa.

Usiku halali, anazunguka nyumba nzima.

Punguza usingizi wa mchana uwe nusu saa, apate jua la asubuhi, na kahawa pamoja na chai ya rangi viishie saa nane mchana. Kabla ya kulala aende haja. Anayeamka na kutafuta mlango pengine anatafuta choo, na kama choo kiko nje, mwekee ndoo yenye kifuniko au poti karibu na kitanda, na taa ndogo. Ondoa mikeka inayoteleza. Dawa za kukojoza za presha, muulize daktari kama zinaweza kumezwa asubuhi badala ya jioni.

Ndugu wa mume wangu wanasema amerogwa. Wengine wanasema mimi ndiye niliyemlisha kitu.

Swali hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu linaua watu.

Mke anapomwongoza mumewe, anapojibu kwa niaba yake, anapokataa mumewe atie sahihi kwenye hati ya kiwanja, kuna ndugu watakaosema kamlisha limbwata. Kwa upande wa wanawake wagonjwa ni hatari zaidi. Bibi mwenye dimensia anatoka usiku wa manane akiwa nusu uchi, anakutwa kwenye ua wa watu akiongea peke yake. Katika maeneo kama Kilifi na Kisii nchini Kenya, na mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mwaka 2021 wanawake wanne wa makamo na wazee waliuawa Kisii kwa siku moja kwa tuhuma hizo.

Kwa hiyo usifiche ugonjwa. Nenda hospitali upate maandishi yanayotaja ugonjwa kwa jina, uyatoe nakala. Itisha kikao cha familia ya pande zote mbili, mtu wa afya akiwepo ikiwezekana, aseme yeye. Mwambie mjumbe wa nyumba kumi au mzee wa mtaa, imamu au mchungaji, mwenye duka la karibu na vijana wa bodaboda kijiweni: "Mzee wangu ana ugonjwa wa ubongo, mkimwona peke yake nipigieni." Mshonee namba yako ya simu ndani ya kola. Na wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu, waeleze kuwa utafiti uliofanywa vijijini Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013, ulikuta takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana dimensia.

Maombi na dua havina ubaya. Vinamtuliza mgonjwa mara nyingi, na vinakutuliza wewe. Pasipokubalika ni pale anapofungwa kamba au mnyororo, kuchapwa "atolewe pepo", kulazimishwa kufunga chakula, kufukizwa moshi hadi anakohoa, au kuachishwa dawa za presha na kisukari. Hapo sema hapana, hata anayetaka kufanya hivyo akiwa shemeji mkubwa.

Daktari ampe dawa ya kumtuliza?

Wakati mwingine, ndiyo: anapokuwa hatari kwake au kwako, au anateswa na anayoyaona, na njia nyingine zimeshajaribiwa. Lakini ujue unachokubali. Haldol, Largactil na jamaa zao huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimensia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hilo, ikaongeza zile za zamani mwaka 2008. Ikibidi, kipimo kiwe kidogo, kwa wiki chache, na siku ya kupunguza ipangwe mapema. Akianza kukakamaa, kutetemeka, kudondosha mate au kusinzia kutwa, rudi hospitali.

Kuna aina moja ya dimensia, ya Lewy, ambayo mgonjwa huona watu au wanyama wasiokuwepo, hutembea kwa kujikokota kama mwenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa), na hali yake hupanda na kushuka. Kwa huyo Haldol inaweza kuwa ya hatari kubwa. Dalili hizo zitaje kabla hajachomwa sindano.

Valium humwangusha na kumchanganya zaidi. Piriton na Phenergan, dawa za mzio, na Artane, dawa ya mtetemeko, nazo huvuruga kumbukumbu, na zipo kabatini katika nyumba nyingi. Usimpe Piriton "apate usingizi". Na usimchanganyie dawa ya jirani kwenye uji kwa siri.

Amenipiga. Nimwambie nani?

Mwambie mtu leo, si mpaka ipite mara ya tatu. Kwamba ni ugonjwa hakufanyi mfupa wako usivunjike. Ondoa panga, visu, mchi, shoka, mafuta ya taa na viberiti vifungiwe; bunduki au gobole litoke nyumbani kabisa. Chagua chumba chenye komeo la ndani na njia ya kutokea, simu ikiwa mfukoni muda wote. Kubaliana na jirani alama ya kuita, jina fulani utakaloliita kwa sauti. Kama hata kabla ya kuugua alikuwa anakupiga, mweleze mhudumu wa afya. Hiyo ni hali nyingine, na una haki ya kusema kwamba huwezi kumuuguza peke yako.

Anataka tendo la ndoa mara kwa mara, au kwa nguvu. Naona aibu kuuliza.

Wanaouliza ni wengi kuliko unavyodhani. Ugonjwa unaweza kuondoa kizuizi, na pengine anachotafuta ni kuguswa tu: mshike mkono, mkande mgongo. Lakini hulazimiki kukubali. Lala chumba kingine na mweleze daktari, maana yapo ya kufanya. Na yule ambaye mwenzake mgonjwa hajui tena yuko na nani, aache kabisa tendo la ndoa.

Naweza kumfungia ndani nikaenda sokoni?

Hapana. Moto ukiwaka hatatoka, na aliyefungiwa huvunja mlango au dirisha. Weka komeo mahali asipopatazamia, juu au chini kabisa, lakini pale tu ambapo kuna mtu ndani pamoja naye.

Nimempigia kelele. Jana nilitamani afe. Mimi ni mtu mbaya?

Umechoka. Mtu anayeamshwa mara nne kila usiku hana subira ya kutoa, na ndiyo maana usingizi wako ni sehemu ya matibabu yake. Ndugu wanaokuja Jumapili kwa saa moja na kumkuta amenyamaza, wanaokuambia "mbona hajambo", waachie wao usiku mmoja. Usiseme "nisaidieni", sema "Jumamosi usiku ni wako, na wewe utalipia nepi za mwezi huu." Wajibu uliotajwa kwa siku na jina ni mgumu kuukwepa. Ukiona unalia kila siku, huli, au mkono unakuinukia, hiyo ni dalili ya kwenda kliniki kwa ajili yako mwenyewe.

Nimpeleke wapi, na nibebe nini?

Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uombe rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili au ya magonjwa ya ubongo. Tanzania, huduma hizo zipo Muhimbili, KCMC Moshi, na Mirembe Dodoma. Sera ya wazee ya mwaka 2003 ilitambua matibabu bila malipo katika vituo vya serikali kwa mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, kwa hiyo ulizia dirisha la wazee na ubebe kitambulisho chake. Kenya kuna Mathari na Kenyatta jijini Nairobi, na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Wanaouguza hukutana pia kupitia Alzheimer's and Dementia Organization Kenya. Walioko Uingereza waanze na daktari wao wa mtaa, wakiomba mkalimani wa Kiswahili kwa mzee ambaye Kiingereza kimeshamtoka.

Beba lile daftari. Weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba na za dukani, hata zile unazoona haya kuzitaja. Chukua video fupi ya simu ikimwonyesha akiwa amevurugika, maana mbele ya daktari wengi hujikaza wakawa wastaarabu kabisa. Panga miadi ya asubuhi, nenda na mtu wa pili wa kumtembeza nje foleni ikiwa ndefu, na umbebee chakula. Ukiingia, omba dakika tano za kuzungumza na daktari bila mgonjwa kusikia.